Kwa nini walimpenda Bhagwanti? Jibu kwa mwandishi wa tamthilia ya familia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwandishi wa miswada, naishi Morogoro. Nimepata mdhamini wa tamthilia ya televisheni kuhusu familia ya kawaida. Baba ni mhasibu wa halmashauri, mama ni mwalimu wa shule ya msingi, wana watoto wanne, na bibi anaishi nao. Mshahara upo ila hautoshi. Mdhamini anataka mtazamaji atoke na mambo mawili: mwanamke asikubali kunyanyaswa, na familia isikope ovyo. Mhariri wangu kaniambia nisome kwanza habari za Hum Log ya India, kwamba ndiyo iliyofungua njia ya tamthilia za aina hii. Ilipendwa kwa nini? Na ni kweli ilibadilisha watu, au ni sifa tu? Nimekuambatishia vipindi vitatu vya mwanzo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vipindi vyako nimevisoma na nitavigusa huko mbele. Kwa ufupi, Hum Log ilipendwa pale ilipoacha kuhubiri ikaanza kusimulia shida za nyumba moja, moja baada ya nyingine. Kuhusu kubadilisha watu, iliwagusa kidogo, na si kila mara kwa upande uliokusudiwa. Mle ndani kuna mhusika mmoja, Bhagwanti, mama wa nyumba, aliyeandikwa ili watazamaji waone ubaya wa maisha ya namna ile. Wako waliomtazama wakasema, huyu ndiye mke wa kuigwa. Kwa kazi uliyonayo mezani, huyo mama ndiye wa kumsoma kuliko wahusika wengine wote.

Kwanza historia, maana bila hiyo utaona miujiza pasipo na miujiza. Hum Log ilianza kurushwa tarehe 7 Julai 1984 na Doordarshan, televisheni ya serikali ya India, ikaisha Desemba 1985 baada ya vipindi zaidi ya 150. Mbegu yake ilitoka Mexico. Huko, miaka ya 1970, Miguel Sabido wa kampuni ya televisheni ya Televisa alikuwa akitengeneza tamthilia za mapenzi na machozi zenye somo ndani yake. Ven Conmigo ya mwaka 1975, kwa mfano, ilihusu watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, na watu wakaenda kweli kujiandikisha. Vasant Sathe, aliyekuwa waziri wa habari na utangazaji wa India, alikwenda Mexico mwaka 1982 akarudi na wazo hilo. Somo ambalo serikali ya India ililitaka mbele ya yote lilikuwa uzazi wa mpango. Miaka michache tu kabla, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, watu walikuwa wamefungwa uzazi kwa kulazimishwa, na chuki ya jambo lile ilikuwa bado mbichi. Naona wazi kwa nini hadithi ilionekana njia ya upole ya kulirudisha mezani.

Kuandika akapewa Manohar Shyam Joshi, mwanariwaya na mwanahabari wa lugha ya Kihindi. Mwongozaji alikuwa P. Kumar Vasudev. Familia aliyoibuni Joshi ni vizazi vitatu chini ya paa moja. Babu ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa nidhamu. Bibi ana ulimi mkali na anashika mila. Mtoto wao, Basesar Ram, ni mlevi mwenye mipango mikubwa na mfuko mtupu. Mkewe ndiye huyo Bhagwanti, anayehudumia kila mtu kutwa nzima na kumeza matusi. Wana watoto watano. Lallu amesoma lakini kazi haipatikani. Badki, binti mkubwa, anataka kusimama kwa miguu yake huku nyumba nzima ikiwaza mume wake atatoka wapi. Majhli anaota kuwa nyota wa sinema, na ndoto hiyo inampeleka Bombay, ambako anaumizwa na watu. Nanhe kichwani mwake mna kriketi tupu. Chhutki, kitinda mimba, anataka kuwa daktari.

Tazama orodha hiyo. Hakuna jambazi, hakuna urithi uliofichwa, hakuna pacha aliyepotea. Ni ajira, ndoa, ulevi, ndoto za watoto, na aibu ya kuonekana umeshindwa.

Hum Log ikakadiriwa kuwa na watazamaji kama milioni 50, idadi ambayo haikuwahi kuonekana India kabla ya hapo. Lakini hapo lazima nitoe tahadhari. Kituo cha televisheni kilikuwa kimoja tu. Rangi iliingia mwaka 1982 kwa ajili ya Michezo ya Asia ya Delhi, na mwaka 1984, Hum Log ilipoanza, mitambo midogo ya kurushia matangazo ilikuwa ikifungwa kwa kasi miji hadi miji. Familia zilikuwa zinanunua seti ya kwanza, na asiye nayo anakwenda kwa jirani. Wewe leo unashindana na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, mpira wa Ligi Kuu, na simu iliyo mkononi mwa kila mtoto. Mtu akikuambia ifanye kama Hum Log upate watu kama wale, mkumbushe hilo. Hata hivyo, chaneli hiyohiyo moja ilikuwa na vipindi vingine vingi vya mafunzo, na havikuandikiwa barua na mtu. Hum Log iliandikiwa barua zipatazo 400,000. Na hata ndani ya India haikushika kila mahali sawasawa. Huko Madras, kwa wasemaji wa Kitamil, Kihindi chake kilikuwa kikwazo na wengi waliiacha. Lugha ya nyumbani ni nusu ya tamthilia ya nyumbani, na kwa hilo nakusifu, maana Kiswahili cha bibi wa Kiluguru katika mswada wako kinasikika hasa.

Sasa sikiliza kilichotokea mwanzoni. Vipindi kama 13 vya kwanza vilikuwa vizito kwa mafunzo ya uzazi wa mpango. Wahusika walikuwa wakiongea kama vipeperushi vya zahanati. Watazamaji wakachoka, malalamiko yakaja, idadi ikawa ya kukatisha tamaa. Joshi na wenzake wakabadilisha mwendo. Uzazi wa mpango ukasukumwa nyuma, mbele yakaja mambo ambayo familia ile ingekuwa nayo hata kama serikali isingekuwa na ajenda: mahari, ambayo kule hutolewa na upande wa binti, na gharama za kumwozesha, pombe ya baba, nafasi ya mwanamke, maelewano ya wakubwa na wadogo. Hapo ndipo watu walipoanza kuipenda.

Ndiyo maana nimepiga mstari mwekundu juu ya shangazi yako mwanasheria. Katika kipindi cha kwanza anafika kutoka Dar es Salaam na kueleza haki za mwanamke. Cha pili anapiga simu kueleza riba. Cha tatu yuko sebuleni tena, safari hii na kitabu cha sheria. Mtu anayejua kila kitu hana safari ya kwenda, na mtazamaji hana sababu ya kumfuata. Mwondoe. Au, kama unampenda sana, mpe tatizo lake mwenyewe. Hebu awe yeye ndiye anayedaiwa.

Shida za familia ya kipato cha kati zina tabia yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu miswada mingi ninayoletewa huteleza hapa. Mtu wa kati ana mshahara, ana jina mtaani, ana watoto shuleni, na kila siku anaogopa kushuka ngazi moja huku majirani wakitazama. Tukio lake halihitaji ajali ya gari wala bastola. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango inatosha. Kadi tatu za harusi zikifika wiki moja kabla ya mshahara, moja ya mtoto wa bosi, moja ya ukweni, moja ya mtu aliyewachangia ninyi mwaka juzi, hicho ni kipindi kizima tayari, na swali lake ni kali: nani asichangiwe? LUKU ikiisha saa mbili usiku wageni wakiwa sebuleni, mama akajifanya anakwenda kuangalia jiko kumbe anatokea mlango wa nyuma kumwomba mwenye duka amkopeshe elfu mbili, umeonyesha ndoa, uchumi na heshima kwa dakika mbili bila mtu kutoa hotuba.

Lakini ili hayo yakubalike, hesabu lazima ziingiane. Kwako baba ananunua televisheni ya inchi 55 katika kipindi cha kwanza, kisha kipindi cha pili familia inalia kwa kukosa shilingi 40,000 za mchango wa shule. Inawezekana, watu tunafanya mambo hayo, lakini basi iwe ndiyo hadithi yenyewe: kwa nini aliinunua, alikopa wapi, alitaka nani aione? Usipolijibu, mtazamaji anayelipa ada kwa mshahara kama huo atajua mara moja kwamba wewe hujui bei ya maisha yake. Kabla ya kuandika kipindi cha nne, andika bajeti ya nyumba hiyo ya mwezi mzima. Mshahara wa baba baada ya makato, wa mama baada ya makato, kodi ya nyumba au ujenzi unaosuasua huko Kihonda, nauli, unga, dawa za presha za bibi, vocha, sadaka. Mahali bajeti inapogoma, hapo pana kipindi. Utaona vinajitokeza vyenyewe, tena vingi kuliko utakavyoweza kuandika.

Kuna tukio moja kwenye mswada wako ambalo ningependa liwe langu. Mama anafua suruali ya mumewe, anakuta karatasi ya mshahara mfukoni, na kwenye safu ya makato kuna mkopo ambao hajawahi kuusikia. Anaikunja, anairudisha mfukoni ikiwa imelowa pembe moja, anaendelea kufua. Baba huyu hapigi mtu wala hatukani. Anaficha tu. Unyanyasaji wa namna hiyo upo katika nyumba nyingi za watumishi na hauna alama mwilini, ndiyo maana ni vigumu kuuonyesha, nawe umeuonyesha. Ajabu ni kwamba sekunde kumi baadaye simu inaita, ni shangazi.

Unaweza kuuliza, basi mafundisho yaende wapi, maana mdhamini anayalipia? Joshi na wenzake waliyatoa nje ya nyumba. Mwisho wa kila kipindi alitokea Ashok Kumar, mwigizaji mkongwe wa sinema za Kihindi, nyota tangu miaka ya 1930. Kwa sekunde 30 au 40 alizungumza na watazamaji moja kwa moja, kwa mizaha na beti za mashairi. Akakumbusha kilichotokea, akauliza wao wangefanyaje, akaondoka. Zingatia kwamba aliuliza. Barua nyingi zilizofika zilielekezwa kwake. Baadaye akaanza kuwaleta mbele ya kamera waigizaji waliocheza wahusika wabaya, awatambulishe kwa watazamaji. Naipenda sana mbinu hiyo ndogo, maana inamwambia mtazamaji kuwa ubaya ule ni wa mwenendo, si wa sura ya mtu. Lakini usinakili tu. Yule mzee aliaminiwa na watu waliomjua ujana wao wote. Ukimweka mtu maarufu wa mtandaoni aliyejulikana mwaka juzi akatoa nasaha za ndoa, mtaani watacheka.

Watazamaji nao walikuwa na sauti kuliko unavyofikiri. Walimwandikia Badki kumshauri juu ya kuolewa kama vile ni binti wa jirani. Bibi, aliyechezwa na Sushma Seth, aliugua saratani katika hadithi, na watu wakaomba asife, mpaka maisha yake yakarefushwa kwenye mswada. Askari mmoja katika hadithi alipopoteza macho, ikazuka hamasa ya watu kuahidi kutoa macho yao baada ya kufa, na klabu ya vijana ikaandika kueleza kuwa imeandikisha mamia ya watu. Hilo la mwisho lina somo la kiufundi. Jambo lilikuwa moja, dogo, linalofanyika kwa kusaini karatasi, na lilimhusu mtu waliyemjali. Linganisha na ‘mwanamke asikubali kunyanyaswa’. Mtazamaji aamke kesho asubuhi afanye nini, hasa?

Hapo ndipo tunafika kwa Bhagwanti.

Mpango wa waandishi, kwa kufuata mbinu ya Sabido, ulikuwa na aina tatu za wahusika. Wapo walio upande wa jambo jema tangu mwanzo, wapo walio kinyume, na wapo wanaoyumba katikati, wanaokosea, wanaojifunza, wanaogeuka polepole. Bhagwanti aliwekwa kuwa mfano wa kutoigwa, yaani mwanamke anayenyenyekea kupita kiasi, na matokeo yake yaonekane. Baada ya tamthilia kuisha, watafiti Arvind Singhal, Everett Rogers, William Brown na Michael Cody waliifuatilia. Walisoma miswada na barua, na mwaka 1987 wakahoji watu wazima 1,170 wa Delhi, Pune na Madras. Wakakuta kwamba athari kwa mitazamo kuhusu hadhi ya mwanamke ilikuwa ya wastani na yenye mkanganyiko. Na wakakuta kwamba baadhi ya watazamaji, wanawake wakiwemo, walimtaja Bhagwanti kama mtu wa kuigwa. Kati ya waliotoa maoni yumo mama mzee aliyesema wasichana wa leo wajifunze uvumilivu kwake. Yumo pia msichana mfanyakazi aliyeona katika maisha yaleyale dhuluma tupu. Kipindi kilekile, mama yuleyule.

Watafiti huliita jambo hili kwa jina la Archie Bunker, baba mbaguzi wa tamthilia ya vichekesho ya Marekani ya miaka ya 1970. Aliandikwa ili ubaguzi wake uchekwe, na wabaguzi wakacheka pamoja naye badala ya kumcheka. Lakini mimi sidhani Bhagwanti na Archie ni jambo moja. Archie alipendwa na waliofanana naye kwa sababu alisema waliyotaka kuyasema. Bhagwanti alipendwa kwa sababu nyingine, na ukiielewa utapona na kosa lile.

Nani aliyeibeba nyumba ile? Baba mlevi, babu mkali, bibi mlalamishi, kijana hana kazi, binti yuko Bombay anatafuta umaarufu. Aliyepika, akangoja mlangoni usiku, akamfuta mtoto machozi, ni mmoja. Waandishi walimpa mema yote ya nyumba kisha wakatarajia mtazamaji asimtamani. Haiwezekani. Mtazamaji hachukui somo. Humchukua mtu, mzima mzima, pamoja na kila kilichomo. Miaka ya mwisho ya 1960 Peru ilikuwa na tamthilia ya msichana wa kazi za ndani aliyejikomboa kwa cherehani, Simplemente María, na ndiyo iliyomfumbua macho Sabido mwenyewe. Hakuna aliyehubiri ushonaji. Watu walimpenda María, wakachukua na cherehani yake, na mauzo ya cherehani za Singer yakapanda.

Tena sitaki kumlaumu yule mama mzee wa India. Mfikirie. Ameishi miaka 40 au 50 kama Bhagwanti, hakuna aliyewahi kumwambia asante, na siku moja televisheni ya taifa inaonyesha jiko lake, usingizi wake wa taabu, ukimya wake, na nchi nzima inaangalia. Ukamwambie yote yale yalikuwa kosa? Atakachosikia ni kwamba maisha yake hayakuwa na thamani. Akimsifu Bhagwanti anajitetea mwenyewe, na ana haki. Tamthilia inayotaka kumfikia mwanamke kama huyo lazima imheshimu kwanza kwa alichokibeba, ndipo imwonyeshe kwamba mzigo unaweza kutuliwa bila nyumba kuanguka.

Mfano wa karibu nasi upo, nawe pengine hukuwa umezaliwa. Kenya walianza mapema: mwaka 1987 Sauti ya Kenya ilikuwa na Tushauriane kwenye televisheni na Ushikwapo Shikamana redioni, zote za shina hilohilo la Sabido. Kwetu Tanzania, Julai 1993, Redio Tanzania ikaanza mchezo wa redio, Twende na Wakati. Mkwaju ni dereva wa lori, mwanamke kila kituo. Mkewe Tunu anaanza akiwa kama Bhagwanti hasa, anavumilia na kungoja. Tofauti ni kwamba hakuachwa hapo. Polepole akaanza kujitegemea, akaondoka kwa mume, akafungua biashara yake ndogo, na maisha yakaendelea. Mkwaju akaugua UKIMWI. Msikilizaji aliyempenda Tunu akiwa mvumilivu alijikuta ameshafungamana naye alipofika mlangoni na mzigo wake, hakuweza kumtupa. Na huku athari ilipimwa vizuri zaidi. Kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo mpaka mwaka 1995, kikarusha vipindi vyake, kwa hiyo watafiti wakapata eneo la kulinganisha. Kulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma, na watu walieleza kuwa wamepunguza idadi ya wapenzi. Mchezo ulipofika Dodoma, mabadiliko ya aina hiyo yakaonekana na huko. Msisahau, wewe na mdhamini wako, kwamba huduma zilikuwepo: aliyeshawishika alikuwa na kliniki ya kwenda.

Nirudi kwa mama wa tamthilia yako. Katika vipindi vitatu analia mara nne, anasali mara mbili, anachukua kwa siri mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ili binti alipe chumba chuoni wakati bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, halijaingia, na kila mtu mwema katika hadithi anamwita mama shujaa. Najua tayari nani atapendwa, na atapendwa kwa lipi. Usimpunguzie wema. Mpe hapana moja ndogo, mapema, yenye gharama inayohesabika. Mimi ningeanzia kwenye kadi ya harusi ya ukoo wa mume. Akatae kuchangia mwezi huu. Wifi aje juu, kikundi cha WhatsApp cha ukoo kiwake moto, bibi anune siku tatu. Mwisho wa mwezi marejesho yalipwe, na kwa mara ya kwanza afisa mikopo apite mbele ya nyumba bila kusimama. Mtazamaji amepata kitu cha kuchukua. Baadaye, hapana ya pili iwe kwa mume, kuhusu ile karatasi. Kufika hapo tutakuwa tunamjua kama mwanamke anayeweza.

Tena kila anachokitua mama, onyesha nani anakiokota. Akienda semina Dodoma siku nne, nyumba isiungue moto kumwadhibu. Baba apike ugali mbichi siku ya kwanza, siku ya tatu uwe unalika. Kijana wako mhitimu asiye na kazi anakaa tu sebuleni vipindi vyote vitatu, mpe ufagio. Ukimrudisha mama akute kila kitu kimeharibika kwa kukosekana kwake, utakuwa umewaambia wanawake wasiondoke, hata kama shangazi alisema vingine.

Kuhusu mikopo nitakuwa mfupi. Usimfanye mkopeshaji shetani na mkopaji mjinga. Onyesha kwa nini Jumanne ile, saa nne asubuhi, mkopo ulikuwa uamuzi wenye akili. Nusu ya watazamaji wako wamekopa, na wakijiona wamechorwa kama wapumbavu watahamia chaneli nyingine. Halafu njia mbadala iwepo ndani ya hadithi tangu mwanzo, si kuzuka kipindi cha 20: kikoba cha walimu wenzake, au SACCOS ambayo amekuwa akiikwepa kwa sababu katibu wake ni mtu aliyegombana naye. Hapo umepata na ugomvi wa bure.

Mwisho ni mdhamini. Hum Log ilidhaminiwa na tambi za Maggi, bidhaa ya kampuni ya Nestlé ya huko, iliyokuwa ngeni sokoni. Mama anateseka jikoni kwenye hadithi, tangazo linaahidi chakula cha dakika mbili. Udhamini ule ulifungua mlango wa biashara kwa Doordarshan, na miaka iliyofuata tamthilia za familia zenye matangazo zikawa nyingi kuliko zenye mafunzo. Sikulaumu kwa kuchukua fedha, bila fedha hakuna kamera. Ila kabla hujasaini, omba mkataba useme mambo mawili. La kwanza, baada ya vipindi 13 mkae mtazame watazamaji wanasema nini, na uwe na ruhusa ya kubadilisha mwelekeo wa hadithi hata kama ujumbe mmoja utasogea nyuma kwa muda. La pili, bajeti imlipe mtu mmoja kazi yake iwe kusoma kila ujumbe unaoingia na kukuandikia kila wiki, si wangapi wamependa, bali nani anapendwa na kwa sababu gani. Akikuletea habari kwamba akina mama wanamsifu mama wa tamthilia yako kwa kunyamaza, una vipindi viwili tu vya kumfungua mdomo kabla hawajamzoea hivyo.